Siku Tulipomwitikia Binti Yangu Mtihanini

Mlango ulikuwa umefungwa, lakini sauti ya binti yangu ilipita chini yake bila shida yoyote.

"Sept fois huit?" aliimba.

Saba mara nane. Sisi watu wa Katanga tunaweza kuongea Kiswahili kutwa nzima, ila tukifika kwenye hesabu Kifaransa kinajileta chenyewe. Tulikuwa mama wanne koridoni, katika shule moja ya Koekelberg, hapa Brussels, ambako watoto wanaosomea nyumbani waliitwa kufanya mtihani wa kumaliza primaire, shule ya msingi. Tulikuwa tumekalia viti vidogo vya watoto wadogo, magoti yamekaribia videvu, tukiomba kimoyomoyo. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hakuna aliyesema moja, mbili, tatu. Midomo ilifunguka yenyewe, na sauti zikatoka zimeshajipanga, ya kwanza, ya pili na ya tatu:

"Cinquante-six, amina!"

Hamsini na sita, amina. Na mmoja wetu, maman wa Kolwezi mwenye sauti nzito kuliko ya mume wake, akatia kigelegele juu.

Kisha tukasikia viatu. Mlango ukafunguka, akatoka bibi mrefu wa Kibelgiji, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, amemshika binti yangu kiwiko. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Madame," yule bibi akaniambia kwa Kifaransa, "mmempa jibu."

"Hapana, madame. Tumemwitikia tu."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. Maman wa Kolwezi akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Kikanishika na mimi. Tukacheka wote wanne, tumejibana kwenye vile viti, machozi yanatiririka, kiti kimoja kikapasuka mguu na mwenye kukikalia akaenda chini na mkoba wake. Ninacheka hata sasa ninapoandika. Mungu anisamehe, lakini mtu akikuambia hakucheka siku ile, huyo hakuwepo.

Binti yangu ndiye peke yake ambaye hakucheka.

"Maman," akasema, "banakamata karatasi yangu."

Walikuwa wamechukua karatasi yake. Mtihani wake ulikuwa umeisha, na saa nne ya asubuhi ilikuwa haijafika.

Bon. Nataka kuwataja waliofanya hivi. Binti yangu amenikataza kuandika majina. "Maman, andika mambo, usiandike majina ya bantu." Sawa, majina ya watu siandiki. Lakini cheo si jina. Wa kwanza ni pasta wetu. Wa pili ni mume wangu. Nimewataja. Yeyote aliyewahi kupanda ngazi za ukumbi wetu wa maombi pale Saint-Josse, juu ya duka la magodoro, anamjua pasta ninayemsema, na pasta anajijua zaidi.

Mimi niliishia darasa la tano, Likasi. Hapa Brussels nasafisha ofisi za watu kabla hawajaamka, nao hawanijui sura. Lakini kanisani nilikuwa mtu. Nilikuwa mpandishaji wa nyimbo, yule anayetoa mstari wa kwanza ili wengine waitikie. Na kwaya yetu ilikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna aliyewahi kuivunja: mtu akipandisha wimbo, haachwi peke yake. Mwitikie kwanza, uliza baadaye. Ukimwacha ananing'inia, umemvua nguo mbele za Mungu.

Siku moja kwenye arusi huko Anderlecht, papa mmoja mzee aliyekuwa amesinzia kidogo aliamka, akasimama na kupandisha wimbo wa mazishi. Tungefanya nini? Tukaitikia. Bibi arusi akaanza kulia, mama mkwe akaanza kulia, mpiga gitaa akaona mambo yanaharibika, akaongeza mwendo. Kufika ubeti wa tatu watu walikuwa wanacheza mazishi kwa viuno, na bwana arusi mbele yao wote. Ile ndoa ipo hadi leo. Donc, basi, sheria ile iliingia kwenye damu yetu. Ndiyo maana nasema hatukumpa mtoto jibu. Mtu wa kwetu anaelewa tofauti.

Shule ya nyumbani ilianza na hubiri. Pasta alirudi kutoka semina fulani akiwa na moto mpya. Akatuambia shule za hapa zinafundisha watoto kujibu wazazi, kula bila kuomba na kumwita baba yao kwa jina. Akafuta jasho. Akapaza sauti:

"Ibrahimu alimpeleka Isaka mulimani! Hakumupeleka ku masomo ya Bafilisti!"

Ukumbi ukalipuka kwa amina. Binti yangu, wakati huo ana miaka minane, akanivuta kitenge.

"Maman, lakini kule mulimani alimupeleka kumuchinja."

Nikamfinya. Leo ningempa kipaza sauti.

Familia nne tukakubali kutoa watoto shuleni. Sheria ya hapa inaruhusu, ukijitangaza na kukubali kukaguliwa. Baada ya ibada nikamfuata pasta, nikamwambia ukweli wangu.

"Papa pasta, miye niliishia ya tano."

"Petro aliishia ya ngapi?"

"Sijue, papa."

"Basi. Roho atafundisha. Weye ufungue tu kinywa."

Nikashuka ngazi nimelewa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii mtu aliniambia kuna kitu kikubwa kuliko kufuta meza ambacho naweza kufanya.

Mume wangu alifurahi kunishinda. Yeye huendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye ghala, na tangu utoto wake huko Likasi kulikuwa na kiumbe kimoja alichokiogopa duniani: préfet, mkuu wa shule. Sasa akajitawaza préfet. Akanunua kengele ya shaba. Kila asubuhi aliipiga ndani ya nyumba yetu ya vyumba viwili, kisha akapiga kelele, "Mujipange kwa urefu!" Watoto wetu ni wawili, msichana na mdogo wake wa kiume. Walijipanga kwa urefu kati ya mlango wa choo na makoti ya baridi, wakaimba wimbo wa kuamkia, wakaingia darasani, yaani jikoni. Mzee wa Kituruki wa ghorofa ya chini kila mara alidhani ni kengele ya mlango wake. Tulimsikia akifungua, akisema neno, akifunga. Mwishowe akawa anafungua na kusalimia hewa, "Bonjour, bonjour," akarudi kwenye chai yake.

Wiki ya kwanza nilifungua kitabu cha hesabu, nisielewe kitu. Watoto walinitazama. Nami nikawatazama. Tukatazamana hivyo mpaka mume wangu akapiga kengele ya mapumziko.

Nikajiuliza, weye mwanamuke, unajua nini? Najua nyimbo. Basi siku ya pili nikafunga kitabu, nikafungua kinywa, kama pasta alivyosema. Jedwali la mbili nililiweka kwenye wimbo wa sadaka. La tano kwenye wimbo wa kuingia. La saba lilinisumbua, nikaliweka kwenye wimbo wa polepole tunaoimba wakati wa kutubu, kwa sababu la saba lenyewe linatubisha. Mimi napandisha swali, watoto wanaitikia jibu na amina. Mito ya Ubelgiji tuliiimba kwa kupiga miguu, Meuse, Escaut, Sambre. Vitenzi vya Kifaransa tulivicheza kwa mabega: mimi bega la kulia, wewe la kushoto, sisi mabega yote. Ukiniamsha usingizini leo ukaniuliza kitenzi, bega litajibu kabla yangu.

Na watoto walijua! Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeniamini. Walijua kabisa. Mama wale wengine watatu waliposikia, wakaanza kuniletea wa kwao, na jikoni kukajaa. Mmoja alisomea juu ya mashine ya kufua. Ikifika wakati wa kukamua nguo alitetemeka pamoja na mito yake yote, sauti inakatikakatika, "Me-e-e-use," na sisi tunaanguka.

Nami nikasoma pamoja nao. Kuna siku nilikuwa nakata shikwange, ule mkate wetu wa muhogo, vipande vinne, kisha vinane, na ghafla nikaona. Namba ya chini ya sehemu ikikua, kipande kinapungua! Miaka yote hiyo nilidhani nane ni kubwa kuliko nne popote zinapokaa. Nikakaa chini sakafuni, kisu mkononi, nikacheka mpaka préfet akaja na kengele yake kuuliza nani amekufa.

"Hakuna anayekufa," binti yangu akamwambia. "Maman anaelewa."

Siku nyingine, jua limetoka, nikawapeleka Koekelberg, mbele ya Basilika, pale penye nafasi pana ya mawe. Tulifunga vitenge vya kwaya ncha kwa ncha. Binti yangu akasimama katikati ameshika ncha moja, mdogo wake akakimbia kumzunguka na ncha ya pili, chaki mkononi, akichora. Duara likatoka, kubwa, limepinda kidogo pale alipojikwaa. Kisha tukalipima kwa vitenge vilevile: kulikatisha, halafu kulizunguka. Kulizunguka ni mara tatu za kulikatisha, na kakidogo. Tukachora jingine dogo. Tatu na kakidogo. Tukachora dogo zaidi, la kumtosha mtoto mmoja kukaa. Tatu na kakidogo!

"Maman, hata sahani?" binti yangu akauliza.

"Sijue!"

"Hata jua?"

"Sijue, mama, sijue!" nikapiga kelele, na wimbo ukanitoka pale pale, tatu na kakidogo, watoto wote wakaitikia. Watalii wawili wa kizee wakaingia kwenye duara na kamera zao na kuanza kukanyaga kama sisi. Mlinzi akaja kuuliza kama ni maombi. Nikamwambia ndiyo. Sikudanganya.

Tulirudi tumejibana kwenye tramu, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, binti yangu akipima kwa kamba ya kiatu kila kitu cha mviringo alichoweza kufikia, mpaka kipara cha mume wangu alipofungua mlango.

Mkaguzi alikuja mwaka wa mwisho kabla ya mtihani. Alikuwa msichana tu, na begi zito. Kwetu mgeni hapokelewi mikono mitupu, donc tulimpokea kama tunavyopokea mhubiri wa kutoka mbali: kiti chenye kitambaa, sombe ya majani ya muhogo, bukari, yaani ugali wetu, samaki, na kwaya imesimama. Mume wangu alipiga kengele mpaka nikamnyang'anya. Msichana wa watu akala, akaongezewa, akala tena, akauliza swali la kwanza huku anajifuta vidole. Binti yangu akapandisha, wenzake wakaitikia. Akauliza la pili. Kufika la tano mguu wake ulikuwa unapiga chini ya meza. Niliuona. Alipoona nimeuona akaukanyaga kwa mguu wa pili.

Mlangoni akanishika mkono.

"Madame, watoto wanajua. Nimeshangaa. Lakini mtihani unaandikwa kimya, kila mtu peke yake. Wazoeshe kimya. Anza kesho, tafadhali."

Alisema tafadhali. Nikasikia. Kesho yake nikaanza.

Hapa sasa ndipo hasira yangu inaamka. Kimya hakikutushinda. Mimi na binti yangu tulikuwa tunajifungia bafuni, yeye amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, mimi kwenye kifuniko cha choo, tunaimba bila kufungua kinywa. Mwanzoni mashavu yake yalivimba, macho yakamtoka, tukapasuka kwa kicheko. Kisha akajifunza kuuimba wimbo kwa kidole gumba, anakisugua tu kwenye kidole cha shahada, na jibu linakuja. Saba mara nane ilikuwa inakuja kwa kidole! Niliona kwa macho yangu. Tungepata miezi ile yote, angeingia kwenye chumba cha mtihani kimya kama samaki na kutoka anacheka.

Préfet akatushtaki. Alitusikiliza mlangoni, akasikia hatuimbi, akaenda kumwambia pasta kwamba mke wake amezima madhabahu. Mume wangu mwenyewe, tunayelala naye. Jumapili pasta akasimama.

"Kuna maman hapa," akasema, na macho yake hayakuzunguka hata kidogo, yalikuja moja kwa moja kwangu, "Muzungu anakula sombe yake, anamwambia azimishe Roho, naye anazimisha! Kimya ni ya nani? Kimya ni ya bafu! Wafu njo wanakaa kimya!"

Amina zikanyesha. Mume wangu aliitikia kwa nguvu kuliko wote, mkono juu. Nikakatazwa bafu. Sisemi nikakatazwa kuoga, ingawa maman wa Kolwezi aliniuliza kwa huruma kabisa, "Sasa utaoga wapi, yaya, dada yangu?"

Na Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani, pasta akamwita binti yangu mbele. Kila mtu alikuwepo. Akamwekea mikono kichwani, akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Mutoto, ukikwama, pandisha wimbo. Yeriko haikuanguka kwa kalamu. Na ninyi bamaman, mukae karibu ya mulango. Asiwe peke yake."

Ukumbi mzima ukasema amina. Nami nikasema. Alikuwa pasta, na mimi nilikuwa wa darasa la tano.

Basi unajua sasa kwa nini tulikuwa koridoni. Binti yangu baadaye alinieleza mwenyewe ilivyokuwa ndani. Alikwama kwenye saba mara nane. Akajaribu kidole gumba, lakini kidole kilikuwa hakijaguswa muda mrefu, kikakaa bure. Akavumisha wimbo kwa midomo iliyofungwa, yule bibi mrefu akamwonya mara moja. Binti yangu akangoja. Akakumbuka mikono kichwani. Akapandisha.

Wiki mbili baadaye wakubwa wa mitihani walituita. Mtihani ulikuwa umefutwa kwa sababu ya jibu la kutoka nje. Yule bibi wa miwani alikuwepo, na kwa kweli hakuwa mbaya. Alimwuliza binti yangu, "Nani alikuambia uimbe?"

"Papa pasta."

"Ni nani huyo? Mwalimu wako?"

"Mwalimu wangu ni maman. Papa pasta anamwamuru maman."

Yule bibi akaandika, akavua miwani, akaniambia: Kama mtu mzima alimwamuru mtoto, kosa si la mtoto. Huyo bwana aje hapa, aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyemwambia, na mtoto ataandika tena kabla shule hazijafunguliwa. Asipokuja, nitabaki na nilichosikia mlangoni, na nilichosikia ni udanganyifu.

Sentensi moja! Niliruka kutoka kwenye kile kiti. Nilitoka pale nikicheza njia nzima, namshika binti yangu mkono, namwambia, yamekwisha, mama, yamekwisha, huyu mtu anahubiri saa tatu nzima bila maji, atashindwa sentensi moja? Binti yangu naye akaanza kurukaruka. Tulinunua gofri, mkate wao mtamu wenye krimu, tukaila tukitembea, krimu ikatuingia puani. Siku ile ninaikumbuka kama sikukuu.

Nikamkuta pasta nyumbani kwake. Nikapiga goti, nikaeleza yote.

"Maman," akasema, "kanisa haiingilie mambo ya masomo."

Nilidhani anatania. Nikacheka.

"Papa pasta, ni weye ulisema. Bantu bote banasikia."

"Miye nilisema kwa roho. Weye ulisikia kwa mwili."

"Na mutoto je? Mutoto alisikia kwa nini?"

"Kwa mama yake."

Nilikuwa bado nimepiga goti. Maman pasta, mke wake, akanisaidia kuinuka, akanisindikiza hadi mlangoni, akanitia mkononi mfuko wa makayabu, samaki wale wa chumvi. Na mimi nikapokea! Nikasema na aksanti! Nilikuwa tayari kwenye ngazi nilipoelewa kwamba nimekuja kuomba sentensi nikarudishwa na samaki. Nyumbani mume wangu akanionya, "Usimusumbue mutumishi ya Mungu," na akala makayabu yote peke yake, akaamka kunywa maji mara nne. Hiyo ndiyo adhabu pekee aliyowahi kupata.

Siku ya kikao tulienda, mimi na binti yangu, yeye amevaa blauzi nyeupe ya kwaya. Waliweka viti vitatu. Tulikaa kwenye viwili. Kila mlango ulipolia mahali fulani ndani ya jengo, binti yangu aligeuka. Yule bibi alisubiri kupita saa aliyoiweka, kisha akasubiri tena. Simu yangu ikatetemeka. Maman wa Kolwezi alikuwa amenitumia video: pasta wetu yuko Paris kwenye kampeni ya maombi, moja kwa moja, anaruka na kipaza sauti, tai begani. Nilikuwa naitazama chini ya meza. Sikujua kwamba binti yangu anaitazama juu ya bega langu.

"Maman," akaninong'oneza, "huyu hakuye tena. Twende."

Mwezi wa tisa akaingia shuleni, darasa la mwisho la primaire, kati ya watoto waliomfika begani. Akafanya mtihani ule mwaka uliofuata, kimya, akapita vizuri sana. Leo yuko sekondari, anataka kusomea ujenzi, na hesabu zake zinawatisha walimu. Mdogo wake pia yuko shuleni. Sisi hatuendi tena kule juu ya duka la magodoro. Préfet anaenda peke yake, na kengele nilimpa mzee wa Kituruki, akaitundika mlangoni kwake, akasema sasa angalau atajua ni yake.

Ningeweza kunyamaza. Ila mwaka huu maman wa Kolwezi alikwenda kwenye kongamano, akarudi na uso umebadilika. Pasta anaisimulia hadithi yetu. Anaisimulia madhabahuni, mji hadi mji, kama kichekesho cha kufungulia mahubiri: maman mmoja asiyesoma aliyempigia mtoto wake jibu mtihanini kwa kigelegele, na mtoto mwenyewe aliyekuwa ameshazoeshwa kudanganya. Watu wanacheka, wanashikana mabega. Na naelewa, inachekesha! Nimecheka mimi kabla yao. Anaiga sauti zetu zote, nasikia hata kiti kinachovunjika anakiiga. Lakini anaanza na koridoni. Ile Jumapili anairuka. Vijana wa kanisa wanaokutana na binti yangu njiani Chaussée d'Ixelles wanamwita mwizi wa mtihani, mbele ya wenzake wa darasani, na juzi alirudi nyumbani akaniuliza kama ni kweli tulipanga.

Yeye ananiuliza mimi. Hakumbuki tena vizuri, alikuwa mtoto, na ile hadithi ameisikia mara nyingi kwa kinywa cha watu wazima.

Sitaki pesa zako, papa pasta. Sitaki maombi, sitaki samaki. Una kipaza sauti na una watu. Simama mbele ya haohao uliowachekesha, binti yangu akiwa amekaa kiti cha mbele akikusikia, usimulie kuanzia ile Jumapili. Sema mikono ilikuwa ya nani kichwani pake. Sema nani alimwambia aimbe, na nani alituweka mlangoni. Naja Jumapili hii pamoja naye, tutakuwa tumekaa kabla hujapanda. Ukianza kuhubiri kitu kingine nitasimama na kukuuliza mbele ya wote, na nitaendelea kusimama mpaka ujibu.